Sanitaire na Filamu za Matapishi

Mtu mchafu kuliko wote niliowahi kuwajua alinukia sabuni. Ukikutana naye njiani asubuhi, shati lake la kaki limepigwa pasi, kucha zimekatwa, viatu vinang'aa, ungedhani anakwenda kubatizwa. Kambi nzima ilimwita Sanitaire, kwa kuwa kazi yake kwenye kampuni ya shaba ilikuwa usafi: kukagua nyumba za wafanyakazi, kupuliza dawa ya mbu kwenye mifereji, kuandika nani kafagia na nani hakufagia. Na Jumapili alasiri mtu huyohuyo alitukusanya ukumbini kutuonyesha filamu alizozitengeneza mwenyewe, ambazo ndani yake watu walioza, walitokwa usaha, walitapika, walikula vidole vya wenzao wakavitema. Mimi zilinichefua. Nasema mapema ili msomaji asije akadhani nimekaa hapa kumsifu.

Zilinichefua, na sikukosa hata moja, isipokuwa nusu ya ile aliyoigiza baba yangu. Nusu hiyo ndiyo iliyonisumbua miaka mingi, na nitafika huko. Kwanza nimweleze mtu mwenyewe, bila kufuata miaka, kwa sababu miaka siikumbuki vizuri na harufu nazikumbuka zote.

Jumanne ilikuwa siku ya mtaa wetu kukaguliwa. Alisimama kizingitini, akapiga makofi, akaita, "Hodi, bamama! Usafi iko mulangoni!" Kisha akaingia na kidole chake. Kidole hicho wanawake wa kambi walikiogopa kuliko walivyomwogopa msimamizi wa mgodi. Alikipitisha chini ya meza, nyuma ya mlango, kwenye ukingo wa pipa la maji, halafu, badala ya kukitazama kama watu wengine, alikinusa. Kwa jirani yetu wa kushoto aliwahi kuinua kitambaa cha kufutia sahani, akakivuta puani kwa pumzi ndefu, macho kayafumba, akasema, "Mama, hii kitambaa ilishakufa juzi. Bantu ya kilio banafika saa ngapi?" Yule mama alicheka mpaka akakaa chini, na kesho yake kitambaa kilikuwa kinachemka kwenye sufuria.

Kwetu hakupata kitu. Wakati ule nilikuwa mwalimu wa foyer, ile nyumba ya kampuni ambako wake wa wafanyakazi walijifunza kushona, kutarizi na kutunza watoto, na nyumbani nilichemsha kila kilichoweza kuchemka. Alizunguka, akanusa, akanusa tena, akafunga daftari.

"Mbuzi," akaniambia, "weye uko na bugonjwa. Nyumba yako hainuke kintu. Nyumba ya bantu inapashwa kunuka kintu."

Aliniita Mbuzi kwa haki yake. Ukoo wetu ni wa mbuzi, wake ulikuwa wa chui, na koo hizo mbili ni banungwe, yaani watani wa kuzikana. Chui anaweza kuingia nyumbani kwa mbuzi akachukua kuku, akakuambia una miguu ya mchi, nawe huwezi kukasirika. Ukikasirika, wewe ndiye uliyekosa adabu. Ugonjwa ukiingia, ndiye anayekuja kumchekesha mgonjwa. Na kifo kikiingia, ndiye anayeshika kazi ambazo ndugu hawaziwezi kwa uchungu: kuosha, kuchimba, na kumwigiza marehemu mbele ya watu mpaka wacheke. Na mbuzi naye anamfanyia chui vivyo hivyo. Mambo haya yalikuwepo kabla ya kampuni, na wazee wetu waliingia nayo kambini pamoja na mablanketi yao.

Sasa lazima niseme juu yangu kitu nisichokipenda. Kinyaa nilizaliwa nacho. Ndugu zetu walipofika kutoka Kasenga na magunia ya samaki wakavu, nilihamia kwa jirani mpaka magunia yaishe. Vinkubala, wale viwavi ambao kila mtu Lubumbashi anawatafuna kwa furaha, niliwahesabu kuwa adhabu. Sikuweza kunywa kikombe kilichoguswa na mdomo mwingine. Haya yote watu waliyacheka na mimi nilicheka nao. Lakini baba aliporudi kutoka kazini mara ya mwisho, kifua chake kimejaa vumbi la miaka yote ile ya chini ya ardhi, kinyaa changu kiliacha kuwa kichekesho.

Baba alikohoa na kutema kwenye kopo la maziwa ya unga lililotiwa majivu chini. Alichotema kilikuwa kizito, cha kijani, na baadaye chenye nyuzi za damu. Mama alikwisha kufariki, na mimi nilikuwa binti pekee. Kumwaga kopo lile ilikuwa kazi yangu, nami sikuweza kuligusa. Nilijaribu kwa kitambaa, nikatapika. Nikajaribu kwa gazeti, nikatapika. Mwishowe nililibeba kwa koleo ya makaa, mkono nimeunyoosha mbele, leso puani. Baba alikuwa amelala kwenye mkeka wake anatazama koleo ikilishika kopo lake. Afadhali angenitukana.

Siku ya tatu Sanitaire alinikuta nikitoka mlangoni hivyo hivyo. Alinipokonya kopo kwa mkono mtupu, akachungulia ndani, akarudi nalo kwa baba. "Eh, Chef!" akasema. "Leo umetosha sauce ya muzuri! Inakosa paka pilipili." Paka kwetu ni tu, si mnyama, na kutosha ni kutoa. Nilimsikia baba akicheka, kicheko kilichogeuka kikohozi, kikohozi kikaleta vingine. Mimi nilikuwa nyuma ya jiko nimeinama. Tangu siku hiyo Sanitaire alipita kila adhuhuri kumwaga kopo la baba, la jioni likabaki langu na koleo yangu. Nilimshukuru, na kwa kuwa nilimshukuru nilimchukia kidogo.

Mashine ya filamu ilimfikia wakati wazungu wengi walipokuwa wakifunga mizigo. Alikwenda kwa mhandisi mmoja kupuliza dawa ya mende, akarudi na kamera ndogo ya kushika mkononi, mashine ya kuonyeshea, na kasha la filamu tupu. Mzungu alimpa, nadhani kwa kuwa hakuna mwingine aliyeuliza vinafanya kazi vipi. Mtu mwingine angepiga picha za harusi. Sanitaire alikwenda moja kwa moja sokoni kutafuta matumbo.

Mapishi yake nayajua kwa sababu aliyapika uani kwake na moshi ulikuja kwetu. Damu ilikuwa nyanya za kopo zilizochanganywa na mawese, kwa kuwa nyanya peke yake, alisema, ni damu ya waongo. Usaha ulikuwa maziwa ya unga na kiini cha yai. Funza walikuwa wali. Ubongo ulikuwa bukari la jana, ule ugali wetu, lililokandwa na nyanya hizohizo. Makamasi ya mizimu yalikuwa bamia, nayo sijaila tangu hapo. Matapishi yalikuwa maharage yaliyopondwa ndani ya munkoyo, kile kinywaji chetu cha mahindi, na mwigizaji alitakiwa kuyashika mdomoni mpaka aambiwe. Matumbo yalikuwa matumbo. Ya mbuzi, bila shaka, ili aweze kuniambia, "Shangazi yako anakusalimia." Baada ya kupiga picha aliyaosha kwa maji matatu, akayapika na vitunguu, na wale waliokuwa wameyavaa shingoni saa moja iliyopita wakayala na bukari. Nimeliona hilo kwa macho yangu. Hata sasa ninapoandika, mate yananijaa kwa namna isiyo ya njaa.

Mwenyewe alikula chungwa kwa uma. Hakukubali kupewa mkono na mtu anayetoka kula, alitoa kiwiko. Mtoto akicheua mezani alimfukuza, na neno choo lilikuwa marufuku mpaka vyombo viondolewe. Niliwahi kumuuliza inakuwaje. Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Mu filme, niko ninacheza," akasema. "Kwa meza, ninakula. Weye unachanganya bintu." Na kwa kweli mimi ndiye niliyekuwa nikichanganya.

Ukumbi wa kambi tuliuita serkle. Madirisha yalizibwa kwa mablanketi, joto likapanda, na harufu ya watu mia wa Jumapili, mafuta ya nywele, karanga na jasho, ikakaa hewani. Pazia la picha lilikuwa shuka langu. Aliniomba kwa kuwa kambi nzima haikuwa na shuka jingine jeupe kiasi kile, nami sikufikiria. Nilikuwa nimetarizi ua la waridi kwenye pembe ya chini, kazi ya wiki mbili, na hivyo kila maiti aliyepita upande ule alipata ua la waridi sikioni. Filamu hazikuwa na sauti. Sanitaire alisimama kando ya shuka na fimbo, akasema maneno ya wote: ya wafu, ya wajane, ya polisi, ya mbwa.

Ubovu wa zile picha siwezi kuueleza wote. Maiti alijikuna. Mzimu wa miaka mia alivaa saa. Mtu mmoja alikufa mara tatu katika filamu moja kwa kuwa waigizaji walikuwa watano tu, na mara ya tatu alikuwa tayari amechoka, akalala kabla ya kupigwa. Sikio lililokatwa lilikuwa mkate, na kuku aliingia akalidonoa, akakimbia nalo, na mwenye sikio akamfukuza kuku huku amefufuka. Watu walipofika hapo walipiga kelele mpaka bati likalia: "Rudisha! Rudisha!" Naye alirudisha, na kuku akaenda kinyumenyume akalitapika sikio chini. Tuliitazama filamu ile labda mara thelathini. Watu wote walijua kuku atokeapo, wakamwita kabla hajaingia.

Nami nilikuwepo, nimekaa karibu na mlango, leso iliyopigwa pasi mdomoni. Kwa nini nilikwenda? Nimejiuliza sana. Juma zima tuliimbishwa. Asubuhi bendera na nyimbo za chama, wanawake wanacheza na picha ya kiongozi kifuani, radio inasema sisi ni wazuri, nchi ni nzuri, na kwenye foyer nami nasema meza hupambwa hivi. Jumapili mtu mmoja aliyenukia sabuni alitufungua matumbo akatuonyesha maharage. Sikupenda nilichokiona, lakini niliamini kwamba kipo. Na kulikuwa na raha nyingine, ya aibu zaidi: niliposhikwa na kichefuchefu katikati ya watu mia wanaocheka, walau mara hiyo sikuwa peke yangu nacho.

Mkuu wa seli ya chama naye alikuja, siku alipoambiwa kwamba serkle inaonyesha mambo ya kudharau viongozi. Alikaa mbele, kofia magotini. Katika filamu ile daktari wa wachawi alimpasua mkurugenzi mmoja tumbo, akatoa utumbo mkono kwa mkono kama mtu anayevuta kamba kisimani, na mwisho kabisa likatoka bonge la bukari. Sanitaire akaligusa kwa fimbo, akasema lile neno lake ambalo baadaye watoto walilirudia hata kanisani: "Fungua tumbo ya directeur, utakuta paka bukari, sawa yako." Watu wakatazama mgongo wa mkuu wa seli. Mgongo ukaanza kutikisika. Alicheka mpaka akatoka nje kujisaidia, na Jumanne akaja kwa Sanitaire kuuliza kama kuna nafasi ya kufa.

Filamu zilipokwisha kupigwa zilipelekwa Ulaya kusafishwa, kwani huku hakukuwa na mahali. Padri wa parokia alizibeba alipokwenda likizo, akidhani ni picha za komunyo ya kwanza. Mara moja zilirudi na barua ya wenye maabara, ya heshima kabisa, wakiuliza kama yule bwana aliyetokwa na macho amepata msaada. Padri alitaka kujua ni bwana gani. Sanitaire akamjibu, bila hata kutabasamu, kwamba bwana huyo anaendelea vizuri na amepata kazi ya ulinzi.

Hakucheka kamwe filamu zake. Sisi tukifa kwa kicheko, yeye alisimama na fimbo akitutazama mmoja mmoja, kama alivyotazama nyumba zetu Jumanne.

Sasa ile ya baba. Siku zile kila Jumamosi ilikuwa salongo, kazi ya pamoja ya kulima barabara na kufagia, na ambaye hakufika alitafutwa. Mkuu wa seli aliita majina kutoka kwenye daftari la zamani, na mara kwa mara aliita watu waliokwisha kuzikwa. Mtu alikufa, lakini hakuna aliyediriki kumfuta, maana kulifuta jina kwenye daftari la chama kulitaka ruhusa. "Hayuko!" anaandika, na mjane anaulizwa mumewe yuko wapi. Kosa hilo ndilo Sanitaire aliloligeuza filamu: wafu wanaitwa salongo, wanafufuka na majembe yao, wanaoza huku wanalima. Kwa mfu wa kwanza alimtaka baba.

Nilikataa. Niliingia uani kwake, nikamwambia mbele ya sufuria ya usaha kwamba baba ni mgonjwa, si kichekesho.

"Uliza yeye," akasema.

Baba alikuwa kwenye mkeka, mifupa na macho. Nilimuuliza. "Mama," akaniambia, kwani aliniita hivyo kwa jina la mama yake, "miye ninakohoa bule kila siku. Acha nikohoe mu filme."

Walimpiga picha siku mbili, nyuma ya serkle, kwenye kiti walichombebea. Sikwenda. Nilisikia vicheko tu, na cha baba ndani yake. Baba alirudi jioni na maharage kwenye ndevu, anang'aa. Nilimpa maji na kitambaa, nikaviweka chini karibu naye ili ajifute mwenyewe.

Filamu ilirudi kutoka Ulaya juma lilelile baba alipofariki.

Kwenye kilio wanaume walikaa nje, wanawake ndani chini, nami katikati yao nimefunga kichwa. Siku ya pili Sanitaire aliingia. Alikuwa amevaa kofia ya mgodini ya baba na buti zake, amejipaka majivu, na mbele ya watu wote akajilaza kwenye mkeka wa baba akaanza kukohoa. Alikohoa kama baba hasa, hadi ile pumzi ndogo ya mwisho. Wanawake walianza kucheka na kulia pamoja. Nilivumilia, maana ni haki yake. Kisha akanyoosha mkono upande wangu, akaita kwa sauti ya baba:

"Mbuzi! Leta kopo! Na ile koleo yako!"

Ndani kulilipuka. Kila mtu alicheka, hata shangazi zangu. Nilikuwa nimeamini kwamba koleo ile ilijulikana na watu wawili tu, na mmoja wao tumemzika. Sanitaire naye aliniona mlangoni, lakini sikudhani angelitoa jambo hilo mbele ya watu. Nilijua basi kwamba yeye na baba walikuwa wamelizungumza. Baba alilalamika kwa mtu mwingine juu ya kitu ambacho kwangu alikinyamazia.

Alasiri ile walitundika shuka langu serkle wakaonyesha filamu, kama sehemu ya kilio. Walinikalisha mbele. Nilimwona baba akitoka kaburini, jembe begani, udongo kichwani, mkubwa kuliko alivyokuwa hai, na ua langu la waridi kwenye goti lake. Anatembea. Akasimama, akashika tumbo, akafungua mdomo, na maharage yakaanza kutoka. Nilisimama nikaondoka. Nyuma yangu kicheko kilizidi kupanda, kikapanda, na kila niliposonga mbali nilikisikia zaidi. Waliponiletea shuka kesho yake nililikataa. Mwaka uliofuata niliolewa na mwalimu, tukahamia Kambove, na Sanitaire sikumsalimia tena.

Miaka ilipita mingi. Watu wa Lubumbashi waliopita Kambove waliniambia salamu zake, nami nilibadilisha mazungumzo. Kilichokaa nami si yeye. Yalikuwa macho ya baba yakiitazama koleo. Nililea watoto wanne, nikajilazimisha kufuta kila kilichotoka kwao, na kila mara nilijiuliza kwa nini hawa niliwaweza na yeye sikumweza. Picha yake pekee niliyokuwa nayo ni ile ya kadi ya kazi, ndogo kama kidole gumba, amekaza uso.

Kisha mpwa wake Sanitaire, mwanamke mzima, akaja Kambove kunitafuta. Alikaa kitini kwa adabu, akasema, "Mjomba eko mugonjwa. Anasema: Chui alishafanya kazi yake. Mbuzi bado." Mume wangu alinitazama. Hakuna namna ya kukataa ujumbe kama huo, na nadhani nilikuwa nikiusubiri.

Kambi sikuitambua. Mifereji ilikuwa imeziba, rangi imebanduka, mabomba ya uani yamekauka, na hapakuwa na mtu wa kunusa vitambaa. Ilikuwa adhuhuri. Nilipopiga makofi mlangoni kwake, sauti ilitoka ndani haraka, kali: "Usiingie! Ngoja mpwa arudi. Kunanuka."

Kulinuka kweli. Tumbo lilikuwa limemwangusha, na alilala kwenye godoro chini, beseni pembeni, limejaa. Alikuwa amevuta shuka mpaka shingoni, na juu ya shuka, pembeni, niliona ua la waridi, limefifia. Kucha zilikuwa zimekatwa. Aligeuza uso ukutani.

"Mbuzi," akasema, "usiangalie. Miye, bantu wote banajua niko safi."

Mtu aliyetumia Jumapili zote za maisha yake kutuonyesha matapishi alikuwa akilionea haya beseni. Nikakaa kwenye kibao, napumua kwa mdomo, na kwa kuwa sikuwa na utani wowote kichwani nilimuuliza nililokuja nalo.

"Ile filme ya baba. Nataka kuiona."

Alinionyesha kasha kwa kidevu. Nilipolifungua, harufu ya siki ilinipanda mpaka machoni. Filamu ilikuwa imeoza ndani, imeshikana bonge moja, inanata vidoleni. Hakuna mashine ambayo ingeipitisha. Nilianza kulia, na nililia vibaya, makamasi na yote.

"Uliishiaga wapi?" akaniuliza.

"Maharage yanaanza kutoka."

"Aa. Paka pale!" Alijigeuza polepole. Macho yalikuwa bado yake. Akainua kidole, kile kidole, akakielekeza ukutani kama fimbo, na sauti yake ikawa ile ya serkle, nyembamba lakini ileile. "Angalia. Baba yako anatapika. Anatapika mingi, anajaza barabara yote ya salongo. Anamaliza. Anaangalia kulia, anaangalia kushoto: nani atapangusa? Haiko muntu. Basi anaweka mukono mu mufuko, anatosha nini? Anatosha koleo ya makala. Na leso. Anaweka leso ku pua, hivi, na kidole cha mwisho juu, sawa mademoiselle wa foyer. Anakamata haragi moja na koleo. Moja! Anaitupa. Anarudia ya pili. Maiti imeoza, nyama inaanguka, lakini eko anaogopa haragi! Bantu balianguka chini, Mbuzi. Kila muntu alijua ni nani."

"Ulimfundisha wewe?"

"Miye? Koleo ni fikra yake. Alileta yenyewe kutoka nyumbani, ndani ya koti."

Kisha nikamuuliza kama ilimuuma, ile koleo, kabla haijawa mchezo. Alifikiri. Sanitaire hakuwahi kuandika nyumba chafu kuwa safi.

"Ilimuuma," akasema. "Siku mbili, tatu. Kiisha akaanza kucheka. Alisema, mutoto huyu anatapika kila siku na kila siku anarudia tena kuchukua kopo. Alisema, mwingine angekimbia." Akapumzika, akavuta pumzi. "Ku mwisho ya filme anaangalia mu kamera, anapangusa kinywa, anasema kintu. Bantu hawakusikia, filme haina sauti. Miye nilikuwa nyuma ya kamera."

"Alisema nini?"

"Alisema: Mutoto yangu asione hii, atatapika."

Nilicheka. Kilitoka kama kikohozi, pamoja na machozi, na harufu ile yote ikaniingia kwa mara moja, ya siki, ya tumbo, ya godoro. Nikasimama, nikainama, nikalishika beseni kwa mikono miwili. Lilikuwa la moto upande mmoja, kwa jua la dirishani. Sanitaire alifungua mdomo kunizuia, akaufunga.

Nililifikisha mpaka shimoni, nyuma ya mboga, nikalimwaga, na hapo nikatapika: chai ya Kambove, mkate wa njiani, kila kitu, nimeshika magoti, sauti ikisikika hadi barabarani. Sikujificha. Kutoka ndani, kupitia dirisha lisilo na kioo, nilimsikia akianza kucheka, yeye ambaye hakucheka kamwe, akicheka na kukohoa, na katikati ya kikohozi akapiga kelele kwa nguvu zilizobaki:

"Rudisha!"

Nilisuuza beseni, nikajifuta mdomo kwa mkono, nikarudi ndani kubadilisha shuka.